Mtoto ndiye anayeisomea nyumba simu: mzazi ufanye nini na akili mnemba

Kwa mliozoea kusoma hapa habari za mbegu, mbolea na viwavijeshi, mtanivumilia leo. Nataka tuzungumze kuhusu watoto wetu na akili mnemba, ile ambayo wengine huiita akili bandia au akili unde. Mtu anaweza kuuliza afisa ugani anaingiaje huko. Ninaingia kwa sababu siku hizi nikipita mashambani nakutana nayo kila mara, tena si mikononi mwa wakulima wenyewe. Iko mikononi mwa watoto wao.

Nyumba nyingi ninazozitembelea zina simu janja moja tu. Ilinunuliwa baada ya msimu mzuri, kwa ajili ya kundi la WhatsApp la wanachama, kutuma picha za mzigo kwa mnunuzi na kupokea pesa. Baba anatembea na kitochi. Simu janja inashinda na mama sokoni, jioni inahamia kwa mtoto kwa sababu "anasomea". Ndani ya simu hiyo moja kuna pesa ya nyumba, picha za familia, cheti cha kuzaliwa kilichopigwa picha ili kisipotee, na orodha ya wateja wanaodaiwa. Na anayejua kuiendesha vizuri kuliko wote ni mtu wa miaka kumi na nne.

Ushauri mwingi ninaousikia redioni kuhusu watoto na mitandao unachukulia kwamba mzazi ndiye anayejua zaidi, kwa hiyo amsimamie mtoto. Kijijini mara nyingi ni kinyume. Mtoto ndiye msomaji wa nyumba. Karatasi ya hospitali anaisoma yeye, ujumbe wa benki anausoma yeye, lebo ya dawa ya shambani anaisoma yeye. Sasa mtoto naye amepata wa kumuuliza. Baba anamuuliza mtoto, mtoto anaiuliza simu, simu inajibu, na jibu linakwenda moja kwa moja shambani. Hapo ndipo mimi ninapohusika.

Nitoe mfano mmoja. Msimu uliopita nilifika kwa mkulima wa nyanya aliyekuwa amevamiwa na kantangaze. Bomba la lita 20 lilikuwa limeshajazwa maji na dawa, liko mgongoni tayari. Nikamuuliza kipimo amekipata wapi, akamwonyesha kijana wake wa kidato cha tatu. Kijana akanionyesha simu. Alikuwa ameeleza dalili kwa Kiswahili kizuri kabisa: majani yana michoro kama imechorwa kwa kalamu, matunda yana matundu. Programu ilimjibu vizuri kuhusu mdudu. Ikamtajia kiambato cha dawa na kipimo cha mililita kwa lita 20.

Shida ilikuwa mbili. Ya kwanza, kiambato kimoja kinauzwa kwa nguvu tofauti tofauti. Chupa mbili zenye jina linalofanana dukani zinaweza kutofautiana nguvu mara mbili au zaidi, na simu haikuwa imeiona chupa iliyokuwa pale chini ya mti. Ya pili ndiyo iliyonitisha. Mzee alikuwa anavuna siku ya tatu kwa ajili ya gulio, na chupa ilisema usivune mpaka zipite siku saba. Simu haikuuliza anavuna lini. Kijana hakusema, kwa sababu hakujua kwamba ni jambo la kusemwa. Nyanya zile zingeliwa na kijiji kizima, na za kwanza zingeliwa na wadogo zake jioni ileile, kachumbari.

Sikumfokea kijana. Alikuwa amefanya kazi ambayo baba yake alimpa, na kwa bidii. Nilimwambia aigeuze chupa anisomee kwa sauti. Ilikuwa ya Kiingereza, herufi ndogo, akakwama kwenye maneno mawili matatu. Nikamwambia aipige picha lebo, aiulize programu ileile imtafsirie. Ikatafsiri vizuri, na tulipolinganisha tarakimu za kipimo na zile za siku za kusubiri, zilikuwa sawasawa na za kwenye chupa. Baba akasikiliza yote. Mwisho wakaamua wenyewe: nyanya zilizoiva na zinazokaribia zivunwe kwanza ziende gulioni, matunda yaliyotobolewa yakusanywe na kufukiwa, dawa ipigwe baadaye kwa kipimo cha lebo, kisha wasubiri siku saba. Maji ya bomba lile hatukuyamwaga mtoni, nalisema hili kwa sababu wapo wanaomwaga.

Tofauti kati ya matumizi yale mawili ndiyo ninayotamani kila mzazi aishike. Mara ya kwanza simu ilichukua nafasi ya lebo. Mara ya pili iliisaidia familia kuisoma lebo. Programu ni ileile, mtoto ni yuleyule.

Sasa hii kitu inafanyaje kazi? Mimi ni mtu wa stashahada ya kilimo, si mhandisi wa kompyuta, lakini kwa kiwango cha mzazi inatosha kujua hivi. Programu za kuongea nazo, kama ChatGPT iliyotoka Novemba 2022 na nyingine zilizofuata, zimelishwa maandishi mengi mno. Kutokana na hayo zinatabiri neno gani linafuata neno gani. Ndiyo maana zinaongea vizuri. Lakini kuongea vizuri na kujua si kitu kimoja, na zenyewe hazina namna nzuri ya kukuonyesha zinapobahatisha. Sauti ni ileile, ikipatia au ikikosea. Isitoshe, maandishi ya Kiingereza zilizolishwa ni mengi kuliko ya Kiswahili, na ya kata yetu ni machache kabisa. Nani ameandika mtandaoni habari za udongo wa bonde letu?

Msinielewe vibaya, sisemi akili mnemba ni mbaya. Wenzetu wanaolima mihogo wana programu inayoitwa Nuru, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania cha Marekani wakishirikiana na IITA. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, inakuambia kama ni batobato, michirizi ya kahawia au madhara ya utitiri wa kijani, na inafanya hivyo hata pasipo na mtandao. Ile ilifundishwa kwa picha za mihogo zilizotambuliwa na wataalamu, ikapimwa mashambani. Inajua jambo moja. Nina imani na chombo kinachojua jambo moja na kunyamaza kwa mengine kuliko kinachojibu kila kitu, kuanzia kantangaze mpaka ndoa.

Mzee mmoja kwenye kikundi alinirudisha kwenye hoja yenyewe. "Mtaalamu," aliniambia, "mimi niliishia darasa la saba. Kijana wangu ananizidi Kiingereza, ananizidi simu. Leo unaniambia nimwongoze. Nitamwambia nini?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, muulize simu jambo ambalo wewe unalijua na yeye halijui."

Tukalifanya palepale, kwenye mkutano wa kuweka akiba. Watoto walikuwapo kama kawaida, wanaandika madaftari ya hisa. Yule mzee akamwambia kijana wake aiulize programu mahindi yanapandwa mwezi gani Tanzania. Ikajibu Machi, mwanzo wa mvua za masika. Kikundi kizima kikacheka. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba, na Machi mahindi yako juu ya kichwa. Lakini jibu halikuwa la uongo. Anayelima kaskazini, Kilimanjaro au Arusha, angesema ni sahihi. Simu ilikuwa imetoa jibu sahihi la shamba la mtu mwingine.

Kisha akina mama wakaingia. Mmoja anayeuza viazi akataka iulizwe lumbesa ina kilo ngapi. Ikatoa namba moja, kwa uhakika, kama vile kuna lumbesa moja duniani. Hapo kelele zikawa nyingi, kwa sababu kila aliyekuwapo ameshadhulumiwa kwa lumbesa yake tofauti. Niliwaangalia wale watoto. Nadhani ilikuwa mara yao ya kwanza kuwaona wazazi wao wakiikosoa simu, na wakiwa na haki. Yule kijana alimgeukia baba yake na kumuuliza, "Kwa hiyo baba, Machi huku tunafanya nini?" Na baba akaanza kueleza.

Zoezi hilo halihitaji kujua Kiingereza wala kompyuta. Muuza dagaa aulize dagaa, fundi cherehani aulize kitambaa, bibi aulize ukoo wake. Mtoto akiona inavyokosea kwenye yale ambayo nyumba inayajua, atajiuliza inakosea kiasi gani kwenye yale ambayo nyumba haiyajui. Dawa za binadamu, kwa mfano, au dozi ya mtoto mchanga.

Nije kwenye jambo zito zaidi. Mama mmoja anayeuza dagaa gulioni alinivuta pembeni akiwa amefura. Kwenye simu yake alikuta mazungumzo marefu ya binti yake wa miaka kumi na tano, yameandikwa usiku, siku nyingi mfululizo. Huyo mwingine alikuwa anamjibu kwa upole sana, anamwambia pole, anamwambia niko hapa kukusikiliza. "Bibi shamba," akaniambia, "nisaidie nimjue huyu mwanamume."

Nikasoma kidogo, kwa ruhusa yake. Hakukuwa na mwanamume. Ilikuwa programu. Binti alikuwa anaeleza maumivu ya tumbo ya kila mwezi, kucheka kwa wenzake darasani, na hofu kwamba ada haitapatikana ataachishwa shule. Majibu yenyewe hayakuwa mabaya. Mahali pawili yalimshauri aongee na mtu mzima anayemwamini na aende kituo cha afya. Nikamweleza mama kwamba hakuna mtu upande wa pili, ni mashine inayotunga maneno. Akashusha pumzi. Halafu akakaa kimya, akasema, "Kumbe mwanangu anaongea peke yake."

Sina maneno ya kitaalamu yanayolipita lile. Nilimwomba asimchape na asimnyang'anye simu siku ileile, kwa sababu mtoto angejifunza jambo moja tu, kufuta mazungumzo kabla ya kulala. Nilimshauri aanze na jambo la ada, kwa kuwa hilo binti alilibeba bila sababu: ada ilikuwa imeshatengwa kwenye kikundi, mimi mwenyewe niliijua, ila hakuna aliyemwambia mtoto. Waliongea wakichambua dagaa. Kazi ya mikono inasaidia, mtoto hahitaji kukutazama usoni.

Wapo watoto ambao mambo yao hayakuishia hapo. Marekani, jimbo la Florida, kijana wa miaka 14 alijiua Februari 2024 baada ya miezi mingi ya kuongea na mhusika wa kubuni kwenye programu ya Character.AI. Mama yake alifungua kesi Oktoba mwaka huohuo. Novemba 2025 kampuni hiyo ikawafungia walio chini ya miaka 18 mazungumzo ya wazi na wahusika wake. Siisemi habari hii kuwatisha. Naisema kwa sababu mama yule naye alidhani mwanawe yuko salama, yuko chumbani, yuko kwenye simu tu. Ukiona mtoto anajitenga, halali, ameacha kula au anazungumzia kufa, hilo si la kuisubiri simu wala la kunisubiri mimi. Nenda kituo cha afya. Ipo pia namba 116 ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Kuna suala la picha. Siku hizi mtu anaweza kuchukua picha ya kawaida ya binti akiwa amevaa sare, akaipitisha kwenye programu, ikatoka picha ya uchi ambayo binti hakuwahi kupigwa. Kisha anatumiwa: lipa, au njoo tuonane, la sivyo naisambaza. Wazazi wengi kinywa chao cha kwanza ni "Ulimpa nani picha?" Anaweza asiwe amempa mtu. Picha ilikuwa kwenye WhatsApp ya shangazi. Kwa hiyo ongea na watoto kabla halijatokea, wa kike na wa kiume, waambie wazi: likikukuta hili, njoo kwangu kwanza, sitakupiga. Na likitokea, msilipe, kwa kuwa anayelipwa mara moja hurudi. Msifute ujumbe, ni ushahidi. Msiwatumie ndugu hiyo picha ili "waone", kwa sababu kusambaza picha za ngono za mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Nendeni polisi, muulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Na vijana wetu wa kiume wajue pia kwamba kutengeneza picha ya mwenzako namna hiyo si mchezo wa darasani.

Utapeli wa sauti nitaupitia haraka, maana ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" mnaujua. Sasa sauti ya mtu inaweza kuigwa kutoka kwenye rekodi fupi. Mkiwa na mtoto bweni, chagueni neno moja la nyumbani ambalo halijawahi kuandikwa popote. Akipiga mtu analia kwamba amepata ajali anataka pesa, muulizeni neno. Ujumbe wa kitapeli unatumwa kwenda 15040.

Mnaniuliza umri. Wenye ChatGPT wenyewe wanasema si ya mtoto aliye chini ya miaka 13, na kuanzia 13 hadi 18 anahitaji ruhusa ya mzazi. Tangu Septemba 2025 wameweka sehemu ya mzazi kuunganisha akaunti yake na ya mtoto, aweke saa za kutotumia na mengine. Ni jambo zuri, ila linahitaji kila mmoja awe na akaunti yake, na nyumba zetu zina simu moja. Kwetu kinachofanya kazi ni vitu vya kawaida. Simu isilale chumbani kwa mtoto, ilale inapochajiwa, mbele ya watu. Namba ya siri ya pesa mtoto asiijue, hata kama ndiye anayekusaidia kutuma. Mpe simu, kisha namba ibonyeze mwenyewe. Vitambulisho, vyeti, majibu ya hospitali na picha za wadogo zake asivitie kwenye programu yoyote ya kuongea. Wewe nawe usimtume afanye hivyo, maana nimeona wazazi wanaowatuma. Mwanangu yuko darasa la tano, kwetu anaitumia nikiwa nimekaa naye tu, na ananung'unika.

Kuhusu kazi za shule nina maneno machache. Mtoto akikuletea insha nzuri kupita kiasi, mwambie aifunge akueleze kwa mdomo. Akishindwa, hakuiandika. Mwezi Novemba kwenye mtihani wa kidato cha nne simu haiingii chumbani.

Kuwanyima kabisa mimi siungi mkono kwa walio sekondari. Wataikuta kwa rafiki, kwenye kibanda cha kuchajia, bila wewe. Afadhali muwe nayo kazini pamoja, na likizo ya Desemba inaangukia palepale tunapopanda. Jaribuni hili. Mwambie kijana aiulize programu ekari moja inaingia mashimo mangapi ya mahindi, nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mbegu moja kila shimo. Asiandike jibu bado. Achukue karatasi: ekari ni mita za mraba 4,047, shimo moja linachukua 0.75 mara 0.30, yaani 0.225, agawanye. Inapaswa kuja karibu mashimo 18,000, na mbegu yake ni kama kilo 8 hadi 10. Halafu nendeni na kamba mkalipime hilo shamba lenu mnaloliita ekari moja, kwa sababu nyingi nilizozipima hazikuwa ekari moja.